Daftari Lililofunguliwa Pande Mbili

Nyumbani kwangu kitabu hufunguliwa mgongo wake ukiwa mkono wa kulia. Asiyejua hilo hufundishwa mara ya kwanza kwa upole, na mara ya pili kwa sauti inayomfanya hata muuza chapati wa ng'ambo ya barabara ageuke kutazama ni nani leo. Kila alasiri watoto kumi na kitu wa mtaa wetu hapa Jinja hukaa kwenye mkeka barazani kwangu, nami nawasomesha alifu, bee, tee. Babu zetu waliletwa nchi hii ya Uganda kutoka Sudani wakiwa askari, wakatuachia vitu vitatu: dini, Kiswahili na mdomo. Dini na Kiswahili nimegawana na wenzangu. Mdomo, watu wanasema, nilichukua fungu langu na la dada zangu wote.

Nayasema haya mapema ili baadaye asije mtu akasema nilificha kosa langu.

Mjukuu wangu alikuwa na miaka sita alipoanza darasa la kwanza. Mama yake, binti yangu wa mwisho, anauza vitenge katika duka la jumla kule Mbale, chini ya mlima, kazi ya kusimama tangu asubuhi hadi jioni. Mtoto nimekaa naye tangu aachishwe ziwa. Ananiita Haboba, ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi. Siku mbili kabla shule hazijafunguliwa binti yangu akanipigia simu, akaanza kunizungusha, Mama hivi, Mama vile, nikajua ndani ya mchuzi huu kuna mfupa.

"Sema tu," nikamwambia.

"Mama, darasa la kwanza si madrasa. Siku hizi mtoto asiposaidiwa nyumbani anaachwa nyuma. Huku Mbale jirani yangu ni mwalimu, anawafundisha watoto jioni. Basi akae kwako muhula mmoja tu tuone. Nikiona hasaidiwi vizuri, nakuja kumchukua."

Hasaidiwi! Yeye mwenyewe nani alimfundisha kusoma, jirani? Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa, nikakata simu. Kisha nikakaa kwenye kigoda nikavitazama viatu vidogo vya shule vilivyopangwa mlangoni. Niliogopa, kusema kweli. Nyumba yangu ina vyumba viwili, kuku saba uani, na mtoto yule. Ukimwondoa yeye, wote waliobaki wana manyoya isipokuwa mimi.

Jioni ile ile nikaanza kazi. Shule ilitaka madaftari matano: manne ya darasani, ambayo hubaki kabatini kwa mwalimu, na moja la kazi za nyumbani, ambalo huenda na kurudi ndani ya mkoba. Hilo la tano nikalifunika kwa karatasi ya kaki ya mfuko wa sukari, nikakunja pembe, nikazibana vizuri. Lilipokamilika hukuweza tena kujua picha ya jalada iko wapi na jedwali la kuzidisha liko wapi. Lilikuwa la kahawia pande zote, safi kama bahasha ya serikali. Nikaliweka mgongo kulia, nikasema bismillahi, nikamfungulia mtoto ukurasa wa kwanza.

Siku ya pili lilirudi na jina la mtoto limeandikwa kwa kalamu nyekundu, nyuma.

"Mwalimu wenu ameandika jina nyuma ya daftari," nikamwambia mtoto. "Vijana wa siku hizi, haraka ya nini?"

Mtoto akaendelea kutafuna. Alikuwa na andazi mdomoni.

Kazi zenyewe zilikuja kwenye vikaratasi vyembamba vilivyopigwa chapa, kimoja kila siku, kimechomekwa ndani ya daftari. Mlezi akibandike kwenye ukurasa, mtoto ajibu chini yake, mlezi atie sahihi, na kila Ijumaa mwalimu akague. Gundi sina. Nilibandika kwa uji mzito wa muhogo, na panya wa jikoni akaupenda sana. Kufika nusu ya muhula alikuwa amezisoma pembe zote za chini kumzidi mtoto.

Msifikiri kumsomesha mtoto wa miaka sita ni lelemama. Alifu na bee mtoto anakubali ulivyomwambia, lakini hesabu kila jambo ana swali. Siku moja kikaratasi kiliuliza: kuku watano wako uani, wawili wakaondoka, wamebaki wangapi?

"Wameenda wapi?" akauliza.

"Wameenda tu. Wamebaki wangapi?"

"Watano."

"Watano vipi, na wawili wameondoka?"

"Jioni watarudi, Haboba. Kuku wetu wanarudi."

Nikamtazama. Kuku wetu ni kweli wanarudi. Nikambembeleza, nikamtisha, nikaleta maharage, nikaondoa mawili, akauliza kama tutayapika. Mwisho nikaona jua linazama na sijasali, tukapatana kwa sulhu. Akaandika kwa mkono wake: tatu. Nami nikaongeza kando kwa herufi ndogo: mpaka jioni.

Siku nyingine aliambiwa achore watu wa nyumbani. Akanichora mimi mwenye mdomo mkubwa kuliko mlango wa nyumba. "Hapo nafanya nini?" nikauliza. Akasema, "Unaniita nije kula." Nikatia sahihi, nifanyeje?

Tulipofika kwenye silabi, ba be bi bo bu, nikaona hapa ndipo nilipozaliwa. Nikamkalisha mkekani pamoja na wale wa madrasa, nikampa mahadhi yale yale, kichwa mbele, kichwa nyuma. Wale wengine nao wakadakia. Ndani ya wiki baraza zima lilikuwa linaimba ba be bi bo bu, ma me mi mo mu, kwa sauti tamu inayotoa machozi. Shehe wa msikiti wetu alikuwa akipita na baiskeli, akashuka, akavua kofia akajikuna, akaniuliza hiyo ni sura gani. Nikamwambia ni ya darasa la kwanza. Akapanda baiskeli yake akaenda, na tangu siku hiyo akinisalimu anatabasamu upande mmoja.

Na matunda tuliyaona, wallahi. Ijumaa ya tatu mtoto alirudi akaniambia, "Haboba, leo nimesimamishwa mbele ya darasa, mimi na wenzangu watatu."

Mbele ya darasa! Watoto karibu tisini, waliosimama wanne, na mmoja ni wangu. Nikampikia samaki mbichi wa kutoka Wanyange, kule ziwani, siku hiyo, mkia wote wake. Ijumaa iliyofuata akasimamishwa tena. Na iliyofuata. Nikamwambia muuza chapati, nikawaambia wanawake wa kisimani, nikampigia binti yangu Mbale nikamwambia kwa utulivu wa mtu aliyeshinda kesi: "Mwanao kila Ijumaa anasimamishwa mbele."

Jambo moja tu lilinikera. Kwenye daftari hapakuwa na alama. Kurasa zangu zilikwenda na kurudi zikiwa safi, hata vema moja ya kalamu nyekundu hakuna. Nilisema labda mwalimu ni mchoyo wa wino, anasifu kwa mdomo tu. Nikamuuliza mtoto kama mwalimu huwa analifungua.

"Analifungua, anaandika," akasema.

"Anaandika wapi?"

"Kule kwake."

Nikajua anasema kitabu cha mwalimu cha alama, kile kikubwa wanachobeba kwapani. Lakini binti yangu naye akaanza. "Mama, habari za kusimama nimezisikia. Mimi nataka kuona vema. Nipigie picha ya daftari nione alama." Mara ya kwanza nikamwambia simu yangu haipigi picha vizuri. Mara ya pili nikamwambia mvua inanyesha. Mara ya tatu akasema, "Mama, kuna nini?" na mimi, mwenye mdomo wa urithi, nikasema mchuzi unaungua.

Basi nikaamua kumwandikia mwalimu, humo humo kwenye daftari, chini ya kazi za mtoto. Mwandiko wangu ni mkubwa, herufi moja moja zimeachana, maana maisha yangu yote nawaandikia watoto. Barua ya kwanza ilikuwa ya heshima: "Assalamu alaikum mwalimu. Kazi tumefanya. Alama hatujaona." Kimya. Ya pili: "Mwalimu, kama kalamu nyekundu imekuishia sema, nitakununulia." Kimya. Ya tatu niliiandika nimeshakasirika: "Mwalimu, hata kuku akitaga yai moja anapiga kelele watu wajue. Wewe kazi zote hizi unazipitia kimya kimya kama mwizi?"

Kimya! Nikasema huyu mwalimu ana roho ya chuma.

Ya nne ilikuwa ndefu kuliko zote, na niliiandika peke yangu, mtoto amekwenda kumfukuza mbuzi wa jirani kwenye mboga. Sikuwa na hasira tena. Muhula ulikuwa unakwisha, binti yangu ameshasema anakuja Jumamosi ya kufunga shule, na mimi sina vema hata moja ya kumwonyesha. Nikaandika niliyoyaandika, nikalifunika daftari haraka, na sikuufungua tena ukurasa ule.

Hata hiyo haikujibiwa. Badala yake, Alhamisi ya wiki ya mwisho, mtoto akarudi na ujumbe wa mdomo. "Mwalimu anasema uje kesho bila kukosa. Anasema ameandika mara tisa na wewe hujibu."

"Mara tisa! Ameandika wapi?"

"Kule kwake," mtoto akasema, akavua viatu.

Nilipandwa na mori. Mimi nimeandika mara nne sijajibiwa, halafu naambiwa mimi ndiye sijibu? Asubuhi nikajitanda mtandio wangu mzuri, nikalichukua daftari, nikamshika mtoto mkono, nikaenda. Pale getini nikamuuliza mlinzi kwa Kiswahili, "Mwalimu wa darasa la kwanza yuko wapi?" Sasa, hapa kwetu Kiswahili watu wengi bado wanakijua kama lugha ya jeshi, na sauti yangu mnaijua. Mlinzi alikuwa amenipa mgongo. Akabana visigino, akasema, "Ndiyo, afande!" Alipogeuka akamwona bibi kizee na mtoto mwenye mkoba. Akanionyesha darasa kwa kidole.

Niliposimama mlangoni watoto wote tisini wakasimama. Mwalimu alikuwa msichana mwembamba, macho mekundu kwa vumbi la chaki, amekonda kwa kelele. Moyo wangu ukataka kumwonea huruma, nikaukataza.

"Karibu, jaja," akasema kwa Kisoga, yaani bibi. "Nimekuita kwa sababu mtoto wako hajafanya kazi ya nyumbani hata siku moja."

"Astaghfirullahi! Hata siku moja?"

"Hata moja. Kila Ijumaa namsimamisha mbele pamoja na wasiofanya, wala hajali. Anatabasamu."

Hapo nilihisi masikio yanawaka. Samaki wa Wanyange, mkia mzima! Na muuza chapati nimemwambia, na wanawake wa kisimani, na Mbale wanajua. Lakini sikuja kuaibika, nilikuja kugombana, na tukagombana, yeye kwa Kisoga, mimi kwa Kiswahili, kila mtu anaelewa nusu ya mwenzake, na tukaelewana vizuri mno.

"Kazi ziko humu!" nikasema, nikapiga daftari.

"Nionyeshe!" Akalinyakua, akafungua. Nami nikaona kwa macho yangu ukurasa mweupe wenye maneno mekundu. Akafungua wa pili, mweupe, maneno mekundu. Wa tatu vile vile. Kazi hakuna. Nikasema mtu ameniroga, au panya amemaliza.

"Lete hapa," nikamnyang'anya, nikalifungua mimi. Kuku watano hawa hapa. Mdomo wangu huu hapa, mkubwa kuliko mlango. "Na hizi ni nini? Ni kazi za nani?"

Mwalimu akakodoa macho. Akalichukua, akafungua: weupe na wekundu. Nikalichukua, nikafungua: kazi tele. Tulilipokezana hivyo mara tatu au nne kama watu wanaonyang'anyana kifaranga, na watoto tisini wanazungusha vichwa, kwake, kwangu, kwake, kwangu. Hapo ndipo mjukuu wangu, ambaye alikuwa akitutazama kama anavyowatazama watoto wadogo wa mkekani, akasema polepole ili tuelewe:

"Upande ule ni wa mwalimu. Upande huu ni wa kwetu."

Mwalimu akaliweka daftari mezani, mgongo kushoto, akafunua ukurasa mmoja mmoja. Maneno yake mekundu yakapita, tisa. Kisha ukurasa mmoja mtupu. Kisha kazi zetu zikaanza, kutoka ya jana kurudi nyuma hadi ya siku ya kwanza, kila moja na kikaratasi chake na sahihi yangu. Muhula mzima tumeandikiana, yeye kutoka mlango wa mbele, mimi kutoka mlango wa uani, na tumebakiza ukurasa mmoja tu tugongane vichwa.

"Jaja," akasema, "kwa nini umeanza nyuma?"

"Nyuma wapi? Wewe ndiye uliyeanza nyuma!"

Nilisema hivyo kwa ubishi tu. Ndani nilikuwa nimeshaona. Karatasi ya kaki niliifunika mimi, na mgongo kulia niliuweka mimi, na mtoto mtiifu alifanya alivyofundishwa. Kwenye Msahafu hakukosea. Kosa lilikuwa langu, na mwalimu naye ana watoto tisini, ajuaje kwamba mmoja wao anaishi upande wa pili wa daftari?

Tukasoma tulivyotukanana. Ya kwanza yake ilikuwa ya adabu: "Mzazi, tafadhali msaidie mtoto." Ya tano ilisema, "Mzazi, huoni haya?" Ya mwisho iliuliza, "Je, kwa mtoto huyu kuna mtu?" Hiyo ilinichoma kweli, nikaisoma mara mbili. Naye alipofika kwenye ile ya mwizi akauliza maana yake, nikamwambia, akaficha uso kwa kitabu cha alama, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Anacheka!

"Na hii ndefu inasema nini?"

"Salamu tu," nikasema, nikafunua haraka.

Wakati wa mapumziko alikaa akasahihisha kazi za muhula mzima, nami nimesimama juu yake kama mkaguzi. Vema, vema, vema. Alipofika kwenye kuku watano akasoma "tatu, mpaka jioni" akalaza kichwa mezani. Akaweka vema, kubwa. Kisha akamwambia mtoto asome ubaoni, mtoto akasoma mstari mzima, kichwa mbele, kichwa nyuma. Ripoti yake ilikuwa imeshaandikwa. Mwalimu akanionyesha: "Ana akili, lakini nyumbani hasaidiwi." Neno lile lile la binti yangu! Akalifuta kwa wino mweupe, akaandika juu yake, "Anasaidiwa sana."

Nilirudi nyumbani natembea katikati ya barabara. Nilitaka kuchana ile barua ndefu kabla ya Jumamosi, lakini daftari la kubanwa kwa pini ukichana karatasi ya huku, ndugu yake wa kule naye anachomoka, na huyo ndugu alikuwa na vema nne. Sikuwa na vema za kutupa. Nikaliweka daftari chini ya mkeka, nikalikalia.

Jumamosi adhuhuri binti yangu akafika kutoka Mbale na vitunguu, mchele, na begi kubwa. Alipoliweka begi chini likalala bapa, na mimi nikajua ni tupu. Nikampa ripoti kabla hata hajanywa maji. Akaisoma, akambeba mtoto akamzungusha, akanibusu kichwani.

"Umeniaibisha, Mama. Nilikushuku bure."

"Basi," nikasema. "Begi lako rudisha."

Akakaa karibu nami. "Mama, sikiliza. Kama angeshindwa ningemchukua kwa ugomvi. Sasa namchukua kwa moyo safi. Mtoto mwenye akili hivi hata Mbale ataweza. Ni mwanangu, Mama. Namwona mara moja kwa mwezi, akinikimbilia ananiamkia kama mgeni."

Kama angenitukana ningemshinda, lakini alisema kweli, na kweli haina mdomo wa kuipiga. Ubaya wangu ungemwondoa mtoto, na uzuri wangu nao unamwondoa. Nikamimina chai, ikamwagika kwenye sahani, nikailaumu birika.

Mtoto hakutusikiliza. Alitaka mama yake aone vema zake. Niliponyanyuka kuleta sukari, akavuta daftari chini ya mkeka, akalifungua upande wa kwetu, akaanza kumsomea ukurasa kwa ukurasa. Niliporudi mlangoni nikasikia hasomi kazi tena. Anasoma mwandiko mkubwa wa herufi zilizoachana, silabi kwa silabi, kichwa mbele, kichwa nyuma, kwa mahadhi yangu mwenyewe:

"Mwa-li-mu, mwa-na-ngu. Na-ku-o-mba ve-ma ha-ta mo-ja. Ma-ma ya-ke a-na-ta-ka ku-i-o-na. A-si-po-i-o-na, a-ta-m-chu-ku-a."

"Inatosha," nikasema. "Mama amechoka."

"Bado, Haboba, nimekaribia kumaliza. A-ki-o-ndo-ka, ni-ta-ba-ki mi-mi na ku-ku. Na ku-ku ha-wa-ju-i ku-ni-i-ta Ha-bo-ba."

Akamaliza, akainua macho apongezwe. Hakuna aliyempongeza. Sukari iko mkononi mwangu na sijui niiweke wapi.

"Mama," binti yangu akasema, "mbona mimi hukuniambia?"

"Sikukuandikia wewe. Nilimwandikia mwalimu."

Akalichukua daftari mikononi mwa mtoto, akafunua taratibu, kurasa zetu zote, mpaka akaukuta ule ukurasa mtupu kati ya maneno yangu na ya mwalimu. Akachukua penseli ya mtoto. Hakuandika sana. Akamgeuzia.

"Na hili, unaweza kulisoma?"

Mtoto akaweka kidole chini ya herufi. "A... ba... ki." Akavuta pumzi. "Abaki!" Akajipigia makofi mwenyewe. Kisha akakunja uso, akatutazama, kwa mama yake, kwangu, kwa mama yake. Kusoma amejua, lakini hakuelewa.

"Nani abaki, Haboba?"

Binti yangu amegeuza uso ukutani, anafuta macho kwa ncha ya kitenge. Nami, ambaye mtaa mzima unajua sijawahi kukosa jibu, nilifungua mdomo, nikaufunga, nikaufungua tena, na hakuna neno lililotoka.